Makombo ya Kasuku

Siku Theonest aliporudi kutoka kazini kwa miguu, tundu mkononi na baiskeli haipo, majirani zake wa Temeke walikubaliana kwamba yule karani wa Kihaya sasa amechanganyikiwa. Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa cheo chake. Kila Jumapili baada ya misa aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta mpaka kengele ikang'aa, na mtoto wa mtu hakuthubutu kuigusa. Leo kaibadilisha kwa ndege.

Tundu lenyewe lilikuwa sanduku la chai lililotobolewa ubavuni na kuzibwa kwa waya wa kuku. Ndani yake alijikunyata kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kifuani hakuwa na manyoya ya maana, ngozi ilikuwa wazi kama ya kuku anayesubiri chungu.

"Dawa yako hii hapa," Theonest alimwambia mkewe, akalitua tundu kizingitini. "Kazi kwako."

"Ahsante, Baba Ansbert," alijibu Kokushubila.

"Usinishukuru. Mpaka Desemba tu. Desemba nikienda likizo na mtoto hajasema, namchukua nampeleka kwa mama. Na sitaki kulia kulia hapa."

Kokushubila aliitikia kwa kichwa. Barua ya mama mkwe ilikuwa bado iko chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Ilitoka Bukoba na ilikuwa fupi: huko pwani mmekaa na mtoto mpaka ulimi wake umekufa, mleteni, nitamtafutia wa kumtazama, na akae kwangu. Akae kwangu. Maneno hayo mawili Kokushubila aliyasoma mara nyingi kuliko sala zake. Ansbert alikuwa na miaka mitano, naye ndiye mtoto wake wa pekee. Alipokuwa mdogo aliwahi kusema "mama" na "maji", kisha ikaja homa moja kali iliyomlaza wiki tatu. Alipoinuka kitandani, maneno yote mawili yalikuwa yamekwenda.

Wamekwisha kumkata udata, ule utando wa chini ya ulimi, akatoka damu bure. Wamekwisha kuweka nadhiri kanisani. Theonest kwa upande wake alikuwa na maelezo yake: mtoto ni jeuri. Sikukuu ya Pasaka mzee Leodegar, mkubwa wa Wahaya wote pale Temeke, alikuja kuwatembelea. Akasimama nyuma ya mtoto akamwita amwamkie, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto hakugeuza hata shingo. Mzee akasema taratibu, "Mnalea nini humu ndani?" Theonest aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mgeni alipoondoka, alivunja fimbo ya mpera na kumchapa mwanawe mpaka majirani wakagonga mlango.

Basi ndipo Bi Mwanabaraka, mwenye nyumba wao, mama mtu mzima wa Kizaramo aliyelea watoto kumi na moja, alipomwita Kokushubila uani akamnong'oneza dawa. Mtoto asiyesema hulishwa makombo ya kasuku. Kasuku aanze kula katika sahani ya mtoto, anachokibakiza ndicho mtoto ale, siku arobaini bila kuruka. Usemi wa ndege utamwingia kwa mate.

Nawaomba msiwacheke. Aliyewahi kukaa na mtoto bubu ndani ya chumba kimoja anajua kwamba hakuna dawa inayosikika kuwa ya kipuuzi.

*

Kesho yake Jabiri, aliyemtoa kasuku, alikuja kuwaeleza jinsi ya kumtunza ndege. Alikuwa mpishi wa reli, mtu wa Kigoma, mcheshi. Alikuja amepanda baiskeli ya Theonest na akaipiga kengele mbele ya nyumba ya Theonest, bila ubaya wowote, kwa furaha tu ya mtu mwenye kitu kipya. Theonest alikuwa kibarazani anafunga kamba za viatu. Hakuinua uso.

"Shemeji, sikiliza," Jabiri alimwambia Kokushubila. "Huyu mie nimekaa naye miaka minne. Usimweke jikoni, moshi utamuua. Chumvi hapana. Mpe mahindi mabichi, ndizi mbivu, karanga, na pilipili kidogo akizubaa. Usiku mfunike kanga. Na ukimwona anajinyonyoa manyoya, ujue ana majonzi, zungumza naye."

"Mbona ameshajinyonyoa?"

"Eeh, kila nikisafiri na treni anabaki peke yake. Ndiyo maana nimemtoa. Mie si mtu wa kukaa." Jabiri alilisogelea tundu akamkuna ndege kichwani kupitia waya, na sauti yake ikapungua. "Kazoea chikichi za kwetu. Ukizipata, mpe."

Siku tatu kasuku hakula. Aligeukia ukutani, na kila asubuhi Kokushubila alikuta manyoya mapya chini ya tundu, laini kama pamba. Alipomshikia ndizi, ndege alimng'ata kidole mpaka mfupa. Kokushubila hakukasirika. Yeye mwenyewe alipokuja mjini, miaka saba nyuma, alikaa wiki nzima hali chakula, anawazia ndizi za kwao zinavyopikwa na maharage, huku watu wa pwani wakimwambia wali ni mtamu. Siku ya nne alikwenda sokoni akamtafuta mwanamke mmoja wa Kimanyema auzaye mawese, akamwomba chikichi kavu kavu za kuchezea. Kasuku alizitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akainyakua moja kwa mguu, akaishika kama mtu anavyoshika kikombe, akaanza kuimenya.

Ansbert, aliyekuwa amechutama mbele ya tundu, alicheka kicheko chake kile cha kooni. Ndege naye akainua kichwa, akaita kwa sauti ya mkaguzi wa treni:

"Tiketi! Tiketi zote!"

Kokushubila alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Pasaka.

Tangu siku hiyo kazi ikaanza. Asubuhi, kabla moto haujashika vizuri, alimwekea ndege sahani ya bati ya mtoto, yenye mahindi au viazi vya kuchemsha. Ndege alidonoa, akachafua, akatupa nusu nje, na Ansbert akala kilichobaki. Mtoto akiwa anakula, mama yake alikaa chini mbele yake, magoti yakigusana, akaanza kumfundisha. "Sema, mwanangu. Sema. Sema mama." Kisha akaifanya sauti yake nyembamba ya kitoto, ili mtoto aone neno linavyokaa kinywani mwake: "Shikamoo, baba. Shikamoo, baba." Ansbert alimtazama midomo kwa makini sana, kama mtu anayemtazama fundi wa saa. Akifungua kinywa, kilitoka kitu kama mkoromo.

Alikuwa na ubao wake karibu na mlango, ambao alipenda kuukalia akipanga vizibo vya chupa. Mama yake akimhitaji alimwita, "Ansbert! We Ansbert, njoo ule!" huku anaukanyaga ubao kwa kisigino, na mtoto aligeuka mara moja, akatabasamu. Kwa hiyo hakuna aliyewaza lolote. Mchana alikaa na ndege. Alipenda kupenyeza vidole viwili ndani ya waya na kuviweka kooni mwa kasuku wakati kasuku anapiga kelele. Ndege aliyemng'ata kila mtu hakumng'ata yeye hata siku moja.

*

Siri haikai katika nyumba yenye vyumba sita na choo kimoja. Bombani wanawake walianza kumwachia Kokushubila nafasi kwenye foleni kwa heshima ya kumdhihaki.

"Mpisheni mama kasuku, ndege ana kiu."

"Hivi ni kweli mtoto anakula mabaki ya ndege? Mie ningeogopa aote mkia."

Watoto wao waliimba nyuma ya Ansbert, "Mla makombo! Mla makombo!" Naye alitembea mbele yao bila kugeuka, debe dogo kichwani, shingo imenyooka. Kokushubila alijivunia subira ile. Aliona mwanawe ana moyo mkubwa.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana huko walikuwa wenyewe kwa wenyewe. Demetria, mke wa mwalimu, aliyetoka kijiji kimoja na Theonest, alimshika mkono mlangoni baada ya misa.

"Mama Ansbert, dada yangu, nimeambiwa jambo nikakataa kuamini."

"Kama umeambiwa, basi umeambiwa."

"Mambo ya Kiswahili hayo! Wewe umebatizwa."

"Ukiwa na dawa ya Kikristo, Demetria, nipe. Nitaipika leo hii."

Demetria aliuachia mkono. Theonest, aliyekuwa hatua mbili mbele na vumbi la safari ya miguu kwenye viatu vyake vya Jumapili, alisikia kila neno. Arobaini ya kwanza ilikwisha mwezi wa Agosti, wakaanza ya pili. Manyoya ya kasuku yakaanza kurudi kifuani, ya kijivu changa, na mtoto hakusema.

*

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, jioni, jua halijazama. Theonest alikuwa ametembea kutoka ghalani kule bandarini, kichwa kinamwuma, na miguu imevimba. Alipoinama kuingia chumbani, ambako taa haijawashwa na mtoto ameketi kivulini karibu na tundu, alisikia sauti nyembamba, safi, ya adabu:

"Shikamoo, baba."

Alisimama. Mkebe wake wa chakula ukamwanguka.

"Nani? Umesemaje?" Akamrukia mwanawe, akamnyanyua juu hadi karibu na dari. "Amesema! Mama Ansbert! Amesema, amesema! Marahaba, mwanangu! Marahaba, baba yangu!"

Kokushubila alikuja mbio na mwiko mkononi. Bi Mwanabaraka akapiga vigelegele hata kabla hajafika mlangoni, na nyumba nzima ikamiminika, pamoja na wale wa bombani. Theonest alilia mbele za watu bila kuficha. Alimtoa mtoto kibarazani ili wote wamwone, akamtuma mpangaji mmoja akanunue soda, akasema leo hakuna atakayelala na kiu.

"Sema tena, baba. Waambie. Sema shikamoo."

Ansbert alizitazama nyuso zote zile zilizomkodolea. Kwanza aliogopa, kisha kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka, akacheka. Ndipo sauti ile nyembamba ikatoka chumbani, nyuma yao, kwenye giza:

"Shikamoo, baba."

Kasuku alirudia tena, kwa heshima zote.

Mwanamke mmoja aliingiza kanga mdomoni, mabega yakamtikisika. Bi Mwanabaraka alimkemea, "Nyamaza we, huna hata haya," lakini kemeo lenyewe likawafanya wengine wawili washindwe kujizuia. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakiangalia chini. Mpangaji alirudi na soda zake sita akakuta kibaraza kitupu, akaziweka mlangoni, akaenda zake.

Theonest alimshusha mtoto polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo usio wake.

"Jumatatu," alimwambia mkewe. "Sitasubiri Desemba. Nitaomba likizo ianze mapema."

*

Jumamosi asubuhi Kokushubila alikuwa uani anafua nguo za mtoto. Kaptura mbili, shati la Jumapili, fulana. Alizifua taratibu mno, kama kwamba nguo zikichelewa kukauka safari nayo itachelewa. Mumewe alikuwa amekwenda stesheni kuchukua tiketi: treni mpaka Mwanza, kisha meli. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kutoka pale alipochutama aliuona mgongo wa Ansbert, amekaa kwenye ubao wake, anapanga vizibo. Tundu lilikuwa nyuma yake, hatua moja tu.

"Ansbert!"

Kokushubila aliinua uso. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na yeye hakuwa amefungua kinywa.

"We Ansbert! Njoo ule!" kasuku aliita, kwa nguvu zote, na ukali ule ule wa mama mwenye kazi nyingi. Mtoto wa jirani aliyekuwa anacheza mwisho wa ua aligeuka. Bi Mwanabaraka alichungulia dirishani. "Ansbert! Ansbert!"

Ansbert aliweka kizibo chekundu karibu na kizibo cha bluu.

Mama yake alisimama, povu linamchuruzika mikononi. Kwa mara ya kwanza alikuwa anajiona mwenyewe akiita, na kwa mara ya kwanza hakuwa anaita huku anakanyaga ubao. Aliokota sufuria na mwiko wa chuma. Alikwenda peku, akinyata juu ya mchanga kama mwizi nyumbani kwake, mpaka akafika nyuma ya kichwa cha mwanawe. Aliona utosi wake, kovu dogo la tetekuwanga, masikio mawili mazuri kabisa. Akaipiga sufuria.

Kasuku alipiga kelele na kujibamiza kwenye waya. Kuku wakatawanyika. Kokushubila aliipiga tena, karibu kabisa na sikio, mpaka meno yake mwenyewe yakauma.

Mtoto alichukua kizibo kingine.

Ndipo mama yake akanyanyua mguu, akaukanyaga ubao kwa kisigino. Ansbert aligeuka mara moja, akatabasamu.

Kokushubila alikaa chini palepale. Vitu vilimjia vyote kwa pamoja, navyo vilikuwa wazi siku zote: jinsi mtoto alivyopenda kukumbatia kinu mchi ukitwanga; jinsi alivyolalia kifua chake yeye mama akiimba na kuamka mama akinyamaza; shingo ile iliyonyooka mbele ya watoto wanaomzomea. Haikuwa subira. Hakuwahi kuwasikia. Na Pasaka, mzee Leodegar alipomwita mara tatu, na fimbo ya mpera ikamshukia mgongoni kutoka kusikojulikana, katikati ya mchezo wake, kwa kosa ambalo hakuna aliyeweza kumweleza! Alijipiga kifuani. "Mama gani mie," alisema kwa sauti. "Mama gani."

Mtoto alimwona analia. Akaacha vizibo, akamsogelea, akaweka vidole viwili kooni mwake, kama alivyozoea kumfanyia ndege, akasubiri.

*

Theonest alirudi saa saba na tiketi mfukoni mwa shati. Alikuta nguo ziko kwenye beseni bado, na mkewe ameketi mlangoni.

"Mbona hujaanika?"

"Baba Ansbert, mwite mtoto."

"Sina muda wa michezo."

"Si mchezo. Vua viatu, simama nyuma yake, mwite. Mara hii tu. Nikikosea, mchukue, sitasema neno."

Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho Theonest hakuwahi kukiona. Akavua viatu. Mtoto alikuwa anampa kasuku punje za hindi bichi, moja moja, mgongo umewaelekea.

"Ansbert," Theonest aliita kwa sauti ya kawaida.

Kasuku alimtazama. Mtoto alibandua punje nyingine.

"Ansbert!" Hii ilikuwa ile sauti ya Pasaka. Nayo ilisikika mpaka bombani. Akaita tena, na tena, kila mara kwa nguvu zaidi. Mara ya tano sauti ilimkatika katikati, akabaki ameachama, mbele ya kisogo kidogo kilichoinamia kazi yake kwa utulivu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile homa. Ulimi wake mzima, Baba Ansbert. Masikio ndiyo yaliyokufa."

"Nitampeleka hospitali."

"Tumpeleke. Huenda watatuambia hakuna dawa."

"Na mama nitamwambia nini?"

"Mwambie mtoto hana jeuri. Anza na hilo."

Theonest alitoa tiketi mfukoni, akazitazama, moja kubwa na moja ya mtoto. Hii ndogo aliikunja, akamkabidhi mkewe bila kumwangalia. Kisha alikwenda akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya kazi, kati ya mtoto na tundu. Ansbert alimwona, akarudi nyuma nusu hatua. Nusu hatua ile Theonest aliiona, nayo ilimwuma kuliko yote aliyoambiwa siku hiyo. Aliuchukua ule mkono mdogo, unanata maziwa ya mahindi, akauweka kooni mwake.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikupiga bure. Nisamehe."

Mtoto alihisi kitu kinatikisika chini ya vidole vyake. Alikunja uso, akainamisha kichwa, akakipima. Kisha akacheka, maana koo la baba lilikuwa nene na lilitetemeka vizuri kuliko la ndege, akaligonga kwa kidole akitaka liendelee. Theonest alijaribu kuendelea, akashindwa.

Nyuma yao kasuku alimaliza punje yake, akajikung'uta manyoya mapya ya kifuani. Na kwa sauti ya Kokushubila, ile ya upole aliyoitumia kila asubuhi kwa miezi yote ile, akasema:

"Sema, mwanangu. Sema."